Pazia jeusi, tinti nyeusi, na joto liko palepale

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tuko Iringa. Tuna Coaster ya zamani, tumeitoa viti tukaweka kitanda, jiko la gesi na makabati. Tunapeleka wageni wachache Ruaha, na mara nyingine tunashuka nayo hadi Matema. Tukipaki mchana, joto linaloingia kupitia kioo cha mbele halivumiliki, na dashibodi imeanza kupasuka. Tumeshona pazia jeusi zito linalofunika kioo chote kwa ndani, lakini ikifika saa nane mchana ndani ni moto vilevile. Fundi mmoja hapa mjini anataka atubandikie tinti nyeusi kioo kizima cha mbele. Anasema inazuia UV, ile miale ya jua inayochoma ngozi, kwa asilimia 99, joto tutalisahau. Tukubali?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Msikubali, na kama mmeshampa advansi, mkaidai.

Hiyo asilimia 99 ya UV naisikia karibu kila wiki, na kila nikiisikia najua mteja ameshapigwa au yuko njiani kupigwa. Si uongo, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Katika nguvu yote ya jua inayofika ardhini, UV ni kama asilimia 5 tu. Sehemu kubwa, karibu nusu nzima, ni miale ya infraredi ambayo jicho haliioni, na inayobaki ni mwanga huu tunaoonea. Ukizuia UV yote bila kubakiza, joto la ndani halijasikia kitu. Tena kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati, na utando huo peke yake unazuia karibu UV yote tangu gari lilipotoka kiwandani. Fundi wenu anawauzia kitu ambacho Coaster yenu inacho tayari.

Sasa pazia. Kesho saa nane mchana ingia ndani, weka kiganja kwenye pazia kwa upande wa kitandani. Utakiondoa haraka. Kisha pitisha mkono taratibu juu ya ukingo wa pazia, pale linapokutana na dari. Utasikia upepo wa moto unapanda kutoka katikati ya kioo na kitambaa. Hilo ndilo joto lenu. Kioo kinapitisha mwanga na infraredi ya jua bila tabu. Vikigonga kitu cheusi, kitu hicho kinapata moto, nacho kinatoa joto la aina nyingine ambalo kioo hakilipitishi tena kwenda nje. Kwa pazia jeusi la ndani mmemfungulia mwizi mlango, kisha mkamfungia sebuleni. Chumba kina giza, ndiyo, na watu wengi wakiona giza wanadhani kuna ubaridi. Giza ni giza tu.

Joto la jua linakamatwa nje ya kioo. Likishapita, mnachofanya ni kulipunguza makali.

Nendeni kwa fundi wa maturubai awashonee kifuniko cha nje, cheupe au cha rangi ya fedha, cha kioo cha mbele pamoja na vile vidirisha vya pembeni mwa dereva. Msiende na vipimo vya kukisia, pelekeni gari lenyewe. Upande wa kulia aache sikio pana la kuingia ndani ya mlango wa dereva, mlango ukifungwa unalibana na hakuna mpita njia atakayeliondoa. Kushoto Coaster haina mlango wa mbele, kwa hiyo sikio la huko litiwe ringi za chuma na lifungwe kwa kamba kwenye mkono wa saitimira. Waipa zinyanyuliwe kabla ya kufunika, la sivyo vumbi la barabara ya Ruaha litakaa kati ya mpira na kioo, na siku ya mvua mtakikwaruza kioo wenyewe.

Kama mnataka wageni waendelee kuona mandhari wakiwa wamekaa ndani, tumieni neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche ya parachichi. Maduka ya pembejeo wanayo. Chukueni ile ya kivuli cha asilimia 80. Najua utauliza mbona neti ni nyeusi na pazia jeusi nimelikataa. Neti inapata moto kama pazia, lakini iko nje, na upepo unaondoka na joto lake kabla halijawafikia. Iacheni iwe mbali kidogo na kioo, upana wa vidole vinne hivi, hewa ipite.

Karatasi ya fedha yenye mapovu, ile wanayoweka chini ya bati, ni chaguo la pili kwa ndani. Ikatwe ifuate umbo la kioo, upande unaong'aa uangalie nje, na ikaribiane na kioo. Inarudisha sehemu ya mwanga kabla haujageuka joto. Haifikii kifuniko cha nje, ila usiku wa Juni na Julai mtaishukuru kwa baridi. Tahadhari moja: ukizuia joto la ndani lisifike kwenye kioo, kioo kinapoa sana na pumzi zenu zinageuka maji juu yake. Alfajiri maji hayo yanateremka yanaingia kwenye matundu ya hewa ya dashibodi. Wekeni taulo pale chini, na acheni dirisha moja wazi kidogo. Foili ya jikoni iliyobandikwa kwa gundi msiithubutu. Nimetumia wembe na saa nyingi kubandua uchafu ule kwenye vioo vya watu.

Kupaki ni bure na watu hawakufikirii. Kioo cha Coaster kimesimama, kwa hiyo jua la saa sita linapiga zaidi paa. Kinachoumia ni jua la asubuhi na la jioni. Msielekeze kioo mashariki wala magharibi. Juni hadi Agosti jua linapita kaskazini mwetu, basi pua ya gari iangalie kusini. Novemba na Desemba geuzeni.

Turudi kwa hawa watu wa tinti, kwa sababu si nyinyi peke yenu. Wengine wana kisanduku chenye balbu kali ya joto. Wanakuwekea kipande cha kioo kitupu, unasikia moto mkononi; wanaweka kioo chenye plastiki yao, husikii kitu, unatoa hela. Balbu ile inatoa karibu infraredi tupu, na plastiki yao imetengenezwa kukata kipande hichohicho. Jua si balbu. Namba ya kuuliza ni moja: jumla ya nishati ya jua inayozuiwa, mwanga, infraredi na UV kwa pamoja. Kwenye maboksi ya plastiki za maana imeandikwa kwa herufi TSER. Akianza kukujibu kwa UV, au kwa infraredi peke yake, au kwa "hii ni nyeusi kuliko zote", ondoka. Plastiki nyeusi ya bei poa imepakwa rangi tu. Inanyonya joto, kioo kinachemka, na sehemu ya joto hilo inarudi ndani. Baada ya muda inageuka zambarau na kutoa malengelenge. Wakati huohuo zipo plastiki za seramiki zinazokaribia kuwa nyeupe kama kioo kitupu, na zinazuia joto kuliko hiyo nyeusi. Weusi hauna mkataba na joto.

Tena kwenye kioo cha mbele! Dirisha la abiria ukilitia giza ni shauri lako na askari wa barabarani. Kioo cha mbele ndicho macho ya dereva. Piga hesabu: kioo chenyewe kinapitisha, tuseme, asilimia 75 ya mwanga. Ukibandika plastiki inayopitisha 20, jicho la dereva linabaki na 15. Mchana ataringa nayo. Sasa mpeleke Isongole saa moja usiku, ukungu umeshuka barabarani, mbele kuna lori lililoharibika halina taa, dereva wake ameweka matawi ya miti kama ishara. Au Kitonga, malori yamepangana kwenye kona. Matawi yale mtu ayaone kwa asilimia 15? Nimewahi kukataa kazi hiyo mbele ya mteja mwenye hela taslimu, akaenda jirani akabandikiwa kwa nusu saa. Na kama kioo kina alama ya jiwe, na kwa barabara ya TANZAM karibu kila kioo kinayo, plastiki inayonyonya joto inakipa kioo sababu ya kuendeleza ufa. Msikimwagie maji baridi kikiwa cha moto, kwa sababu hiyohiyo.

Nyuma ya yote haya kuna imani moja ya kwetu nyanda za juu: huku ni baridi, jua la huku halina neno. Huko nje ni kweli unavaa sweta. Lakini hewa ni kitu kimoja na jua ni kitu kingine, na kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, kama Iringa na Mbeya, jua linapita kwenye hewa pungufu kuliko la Dar es Salaam. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza vipimo vya gari lililoegeshwa juani siku tofauti, za joto na za ubaridi kiasi, kuanzia nyuzi 22 hivi. Ndani ya saa moja joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 juu ya lile la nje, na sehemu kubwa ya kupanda huko ilikuwa ndani ya nusu saa ya kwanza. Kuacha vioo wazi kidogo hakukusaidia kitu cha maana.

Kwa hiyo mama anayemwacha mtoto amelala kwenye gari pale Mwanjelwa, "naingia sokoni mara moja, leo kuna kaubaridi, nimemwachia upenyo", huyo ananitisha kuliko mwenye tinti. Mtoto mdogo mwili wake unapata joto haraka kuliko wetu. Kwenye Coaster yenu pia, wageni wakiwa na watoto, mkisimama Chimala kununua mchele, mtoto aliyelala kitandani anyanyuliwe ashuke nanyi, hata akilia.