Gemu za brauza zikikwama, angalia kwanza ni nani anayechora

Gemu nyepesi za kwenye brauza zilitegemea Flash, programu-jalizi ya Adobe, hadi ilipozimwa mwishoni mwa 2020. Leo nyingi huchorwa kwa WebGL, teknolojia ya brauza ya kuchora kwa kutumia chipu ya picha, na WebGL hudai kitu ambacho kompyuta nyingi za mtumba hazina: draiva sahihi ya chipu hiyo, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia. Ikikosekana, prosesa ndiyo hubebeshwa kazi ya kuchora. Feni inanguruma, picha zinaruka, na mwenye kompyuta anakimbilia kununua bando kubwa zaidi. Bando halina kosa. Gemu nyingi zikishapakia hazitumii tena intaneti ya kutisha.

Pima kabla ya kugusa chochote. Kwenye Chrome andika chrome://gpu sehemu ya anwani, kisha tafuta mstari wa WebGL. "Hardware accelerated" maana yake chipu iko kazini. "Software only" maana yake haipo. Shuka chini hadi GL_RENDERER: ukikuta SwiftShader au Microsoft Basic Render Driver, prosesa ndiyo inayochora. Wa Firefox wafungue about:support, sehemu ya Graphics.

Huenda ni swichi tu imezimwa. Nenda Settings, kisha System, washa "Use graphics acceleration when available", halafu ufunge brauza na kuifungua upya.

Kama swichi imewashwa na hali ni ileile, shuku draiva. Bonyeza Windows na X, chagua Device Manager, fungua Display adapters. Jina "Microsoft Basic Display Adapter" linaonyesha kuwa draiva haipo. Ni kawaida fundi anapoweka Windows upya na kuishia hapo. Ipakue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, kwa kutumia namba kamili ya modeli. Draiva ya jumla kutoka Intel wakati mwingine hukataa kuingia kwenye laptopu za kampuni fulani. Programu zinazojinadi kusasisha draiva zote kwa mpigo ziache; nyingi huja na matangazo, na zinaweza kukuwekea draiva isiyo yako.

Wanaosumbuka zaidi ni wenye Intel HD 3000, chipu ya 2011 iliyomo kwenye laptopu kama ThinkPad T420. Intel haikuitengenezea draiva rasmi ya Windows 10, hivyo Windows Update huleta ya zamani. Brauza nazo zina orodha ya draiva zenye kasoro, na huzikatalia kwa makusudi kwa kuwa zinaweza kugandisha mashine nzima. Unaweza kulazimisha kupitia chrome://flags/#ignore-gpu-blocklist, ukiweka Enabled. Skrini ikimetameta au miraba myeusi ikitokea, rudisha kama ilivyokuwa. Picha zikiwa zimepinda tu, jaribu chrome://flags/#use-angle na uchague OpenGL badala ya D3D11; hizi ni njia tofauti za brauza kuzungumza na chipu. D3D9 ikiwemo, iepuke: inaishia WebGL 1, na gemu zinazotaka WebGL 2 zitagoma kufunguka.

Laptopu yenye chipu mbili ina tatizo lake: brauza hung'ang'ania ile dhaifu. Fungua Settings, System, Display, Graphics, ongeza chrome.exe na uchague High performance.

Ukitaka kutoa pesa, anza na RAM. Chipu iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Inakopa RAM ya kompyuta. Vijiti viwili vya GB 4 vinavyofanana huipa njia pana kuliko kijiti kimoja cha GB 8, na kwenye gemu tofauti inaonekana.

Kwenye Windows 7 Chrome iliishia toleo la 109, kwa hiyo baadhi ya gemu mpya zinaweza kukukataa hata draiva ikiwa nzima. Mwenye HD 3000 aliyechoka na haya yote ajaribu Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kwa flashi ya USB kabla ya kufuta Windows: draiva za Intel huja nayo, na about:support ya Firefox iliyomo itamwonyesha papo hapo kama chipu imeamka.