Nakala nusu, kazi nusu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasomea mifugo, mwaka wa pili. Jeni nyingi mnyama huzipata nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Moja ikiharibika, nusu ya kimeng'enya (protini inayotengenezwa kwa jeni hiyo na kuharakisha kazi za kemia mwilini) si imepotea? Mbona mara nyingi mnyama ni mzima tu? Na nakala zikizidi, kazi nayo huzidi vivyo hivyo?

JIBU: Marahaba. Enzi zangu za chaki niliwahi kuandika ubaoni: "jeni nusu, kazi nusu." Kijana mmoja wa nyuma akauliza kama wewe. Nikamwambia tutalirudia wiki ijayo. Hatukulirudia, na jibu lilikuwepo tangu 1981, la wanasayansi wa jenetiki Henrik Kacser na James Burns.

Kimeng'enya kimo katika mlolongo: kinapokea kwa huyu, kinampa yule. Kikipungua nusu, malighafi hurundikana mbele yake. Kwa kuwa kwa kawaida vimeng'enya havijalemewa, rundo hilo hufanya vile vilivyobaki vichape kazi zaidi, na mlolongo mzima hupungua kidogo tu. Ndiyo maana pia kuongeza nakala za jeni moja mara nyingi hakuleti makubwa. Hatua nyingine zinabana.

Si kwamba nakala hazina maana. Mbwamwitu (kwa Kiingereza wolf) wana nakala 2 za AMY2B, jeni ya amilesi inayovunja wanga. Katika utafiti wa 2013 mbwa walikutwa na kuanzia 4 hadi 30. Kwa wastani nakala zilizidi mara 7 na kitu, usomaji wa jeni hiyo (yaani kiasi seli zinavyoitumia) kwenye kongosho mara 28, ila nguvu ya amilesi katika damu mara 4.7. Zidisha, gawanya, hazilingani!

Sasa kuna jeni ambazo hazina subira hiyo. Miostatini si kimeng'enya, ni ujumbe unaozuia misuli isikue kupita kiasi, na kwa ujumbe kiasi chenyewe ndiyo habari. Mbwa wa mbio aina ya whippet mwenye nakala moja mbovu hujaa misuli, na wengi wa namna hiyo wamo kati ya wenye kasi zaidi. Mwenye mbili mbovu hufura mabega na mapaja kama mnyanyua vyuma. Mfugaji akipandisha wawili wenye nakala moja mbovu, akitamani mbio, basi kwa wastani mtoto 1 kati ya 4 atatoka hivyo.