Mrushaji wa spini katika timu ya klabu ya kriketi: maswali na majibu

Nahodha wetu humwita mrushaji wa spini (anayeuzungusha mpira ili ugeuke ukidunda) pale tu wapinzani wanapobakiwa na wiketi mbili, yaani wapigaji wawili wa kutolewa. Ni sawa?

Hapana, huko ni kumpoteza mchezaji. Pichi nyingi za klabu (njia ambako mpira hurushwa na kudunda) ni za polepole. Mpira wa kasi ya wastani humfikia mpigaji vizuri, naye huutumia mwendo huohuo kuusukuma hadi mpakani. Spini haimpi mwendo huo. Inabidi atumie nguvu zake mwenyewe, na hapo ndipo anapokosea. Katika mechi ya ova 40 (ova moja ni mirusho sita), mwingize kati ya ova ya 10 na ya 15, umwachie angalau ova 4 za mfululizo. Akipigwa sita moja (mpira uliovuka mpaka bila kudunda) usimtoe. Weka mlinzi mpakani upande uleule, kwa sababu mpigaji atatamani nyingine.

Narusha ofu-spini (spini ya vidole, inayogeuka kumwingia mpigaji wa mkono wa kulia) kwa mkono wa kulia, lakini mpira unanyooka tu.

Anza na vidole. Cha shahada na cha kati vikae vikikata mshono, vimepanuliwa, na mpira ubanwe kwenye pingili za juu bila kugusa kiganja. Dole gumba liuguse tu. Anayezungusha ni kidole cha shahada, mkono ukigeuka kama wa mtu anayefungua kitasa kuelekea kulia.

Kisha tazama miguu, maana wengi wenye vidole vizuri hukwama hapa. Mguu wa mbele ukitua na kuganda, nyonga hazigeuki, na kazi yote inaachiwa mkono. Zungukia vidole vya mguu huo mpaka wa nyuma upite mbele na bega la kulia limwelekee mpigaji.

La mwisho ni woga: ukipigwa unaongeza kasi, mpira unanyooka bila kupanda hewani, haupati muda wa kushuka wala kugeuka. Fanya mazoezi ukiwa mita 10 kutoka kwa mwenzako, bila kukimbia, ukitazama mshono. Mshono ukiyumbayumba hewani, kidole kimeteleza. Ukitulia, rudi nyuma kidogo kidogo hadi mita 20.12 za pichi kamili.

Mrushaji wetu wa legi-spini (inayogeuka kumtoka mpigaji wa mkono wa kulia) hutoa fultosi nyingi, yaani mipira inayomfikia mpigaji bila kudunda.

Anauachia mpira mapema, mara nyingi kwa sababu kichwa kimeangukia pembeni. Kichwa kibaki wima, macho mahali anapotaka mpira utue. Fultosi inayopita juu ya kiuno ni noboli (mrusho batili) hata ikiwa ya polepole, na mpira unaodunda zaidi ya mara moja kabla ya kufika mstari wa mpigaji ni noboli pia.

Niliweka walinzi watatu nyuma upande wa legi (ulio mgongoni mwa mpigaji), mwamuzi akaita noboli. Kwa nini?

Sheria inaruhusu wawili tu nyuma ya mstari wa mpigaji upande huo, ukimwacha mlinda wiketi. Wa tatu msogeze midiwiketi, upande huohuo lakini mbele ya mstari.

Mpira ukilowa?

Ukaushe kwa kitambaa kilichokubaliwa na waamuzi. Kuupaka mpira mate kumepigwa marufuku katika sheria tangu 2022.