Muulize Mwalimu: Kitabu chenye mafunzo kimenishinda

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Hapa Busia tuna kikundi cha kusoma, tuko saba, tunakutana Jumapili jioni nyuma ya duka la mwenzetu. Juzi tumebishana nusura tuvunjike: kazi ya fasihi inakuwa kubwa kwa sababu gani? Mmoja anasema tuzo. Mwingine, ambaye anafundisha shule, anasema ni funzo, basi. Mimi kitabu alichoniazima, chenye mafunzo tele, nimekiacha ukurasa wa 40. Lakini riwaya ya mapenzi niliyonunua kando ya barabara nimeisoma usiku kucha mpaka simu niliyokuwa namulikia ikazima. Je, mimi ndiye sijui kusoma? (Dada msomaji, Busia)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kusoma unajua. La tuzo tusikae nalo: tuzo hutolewa na watu wachache waliokaa meza moja, mwaka mmoja, na huenda hawajafika kwenye baraza lenu. La funzo ndilo lililonigusa, kwa sababu nimelifundisha miaka mingi darasani, "taja mafunzo matano ya shairi hili," na nilikuwa nakosea.

Siku niliyoligundua kosa nilikuwa Bombo kwa shangazi yangu, Mungu amrehemu. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Yuko kwenye mkeka barazani, anasuka kifuniko cha chakula kwa nyuzi nyekundu na za njano. Mimi natayarisha somo la kesho, nikaanza kumsomea utenzi wa Mwana Kupona, mwanamke wa Pate, pwani ya Lamu, aliomtungia binti yake mwaka 1858. Mama anaumwa, maradhi yametimiza mwaka. Anamwita binti:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi

Nikamfafanulia Kiamu kile, yaani Kiswahili cha Lamu: njoo mbele ukae, uje na wino na karatasi. Shangazi akasimamisha sindano. "Alipona?"

Nilidhani anauliza maana ya jina. Akarudia: "Huyo mama anayeitwa Kupona. Alipona?"

Nikamwambia hapana, aliishi miaka michache tu baada ya hapo. Akauvuta uzi polepole mpaka mwisho. "Basi soma, usiruke neno."

Sasa tazama mafunzo yenyewe. Kuna watano wa kuridhiwa: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Mume akilala usimwamshe kwa kelele, umpapase, na asikose wa kumpepea. Binti zangu wakisikia beti hizo huniuliza mke naye anapepewa na nani, na ni swali la haki. Shangazi mwenyewe aliachwa mara mbili, akalea watoto sita kwa vifuniko hivyo hivyo. Habari ya kumpepea mtu hakuwa na haja nayo. Kama ukubwa wa utenzi ungekuwa kwenye funzo, ungemfia mikononi pale pale barazani. Haukumfia, kwa sababu mle ndani anasema mtu: mjane mgonjwa, ana binti ambaye bado kijana, anaogopa ataondoka bila kumwambia lililo moyoni, na anataka liandikwe sasa. Tena angalia alivyomwita. Hakuanza na dunia ilivyo mbaya. Alianza na vitu viwili vya kushika mkononi, wino na karatasi, na mwanamke asiyejua kusoma akaviona mbele yake.

Njoo kwetu. Okot p'Bitek, mtoto wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, alimtunga Lawino, mke anayemlalamikia mumewe katika shairi refu Wimbo wa Lawino, kwa Kiacholi, akamtoa kwa Kiingereza mwaka 1966. Kiswahili tulikipata 1975 kwa mkono wa Paul Sozigwa. Lawino si mtu wa haki. Mdomo uliopakwa rangi wa yule mwanamke wa kisasa aliyemteka mumewe, Lawino anaufananisha na wa paka-mwitu aliyeuchovya kwenye damu. Mimi hupaka rangi ya mdomo nikienda harusini, na kila nikifika hapo nachukia. Kisha mume anataka mambo yote yafuate saa, naye Lawino anajibu kwamba mtoto akilia ananyonyeshwa, hangoji saa. Hapo namrudia, maana nimelea. Kunikasirisha na kunirudisha hivyo, kwa mdomo wa mtu yule yule mmoja, ndiyo kazi ninayoiita kubwa.

Na Okot hakumwachia Lawino uwanja. Mwaka 1970 alimpa mume, Ocol, wimbo wake, na Ocol anamwamuru mkewe anyamaze, afungashe vitu vyake, aende. Ni mwandishi yule yule! Mwandishi wa mafunzo hathubutu hivyo. Ameshaamua nani ashinde kabla ya ukurasa wa kwanza, kwa hiyo mzee, mlevi na mtoto wa shule wote wanaongea kama yeye. Nadhani ndicho kilichokuchosha. Mtendee haki mwenzako: fungua pale ulipoachia, funika majina kwa kidole, msomee mtu kwa sauti maneno ya wahusika wawili. Akishindwa kujua nani anasema, kirudishe kitabu kwa adabu na umwambie kwa nini.

Hiyo ya mapenzi usiionee haya, ila bado siisifu. Hamu ya kujua kama wataoana humkesheza mtu yeyote, na ikishatimia haina kazi tena. Ipe wiki mbili bila kuigusa. Kisha niandikie jambo moja alilosema yule dada wa kwenye kitabu. Usinieleze yaliyompata. Nataka alichosema, na siku hiyo alikuwa ameshika nini.