Beriberi ni neno letu au la wazungu?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi niko Makorora hapa Tanga. Juzi tumebishana na dada yangu barazani, yeye kashikilia beriberi, ule ugonjwa wa miguu kufa ganzi, ni Kiswahili cha pwani kabisa, ati kwa vile linajirudia kama polepole, mi nikamwambia hilo ni la madaktari wa kizungu. Nani kapatia? Tumewekeana kahawa na kashata.

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote mmekosa, kwa hiyo hiyo kashata nileteeni mimi. Wengi wanaofuatilia asili ya maneno wanalirudisha Sri Lanka, kwenye Kisinhala, ambako beri ni kutoweza, ukilirudia unalitia nguvu, yaani kama mtu anasema siwezi, siwezi. Wazungu walilikuta hukohuko Asia wakalitia vitabuni, na sisi tukalipata kwao, basi wewe una nusu pointi.

Ila hapo ndo mi nacheka peke yangu, maana sisi pwani mtu akiumwa tunasemaje? Unabisha hodi unaambiwa "bwana hawezi, leo siku ya tatu". Hawezi nini? Hakuna anayeuliza, hawezi tu basi! Kumbe na wenzetu walipita njia hiyohiyo bila kuulizana.

Na kweli mgonjwa wa beriberi hawezi: miguu inakufa ganzi, inaisha nguvu, wengine inavimba na moyo unachoka. Kinachokosekana ni vitamini B1, ambayo kwenye mchele iko kwenye ule utando wa nje, ukikoboa mpaka mchele ung'are imeondoka na pumba. Waliotoboa siri ni kuku wa daktari Mholanzi Christiaan Eijkman kule kisiwa cha Java, Indonesia, mwaka 1889, walikuwa wanakula wali mweupe uliobaki jikoni kwa hospitali ya jeshi wakalegea miguu, akaja mpishi mpya akagoma, wali wa jeshi hawali kuku wa raia, wakarudishiwa mchele usiokobolewa, wakapona. Eijkman akapata Nobel 1929, mpishi hakupata hata kuku mmoja, mi naona kaonewa.

Bibi yangu Pangani alikuwa anatwanga kwenye kinu, mchele unatoka na wekunduwekundu, sisi watoto tunanuna tunataka mweupe wa dukani.

Halafu mwambie dada asichanganye na kiseyeye, hicho ni fizi kutoka damu kwa kukosa vitamini C, na kwa machungwa ya Muheza yalivyo jirani hapo sidhani kama atakipata.