Mbwa wa uani, ghorofa ya tatu

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mbagala ameniandikia: "Dada, habari za kazi. Tumehamia kwa shemeji baada ya nyumba yetu kupata nyufa. Mbwa wetu ana miaka minne, hajawahi kuishi ndani, sasa anakojoa sebuleni kila siku. Mume wangu anasema tukamwachie huko tulikotoka. Nimfanyeje?"

Hilo neno "tukamwachie" nimelisoma mara tatu, nikaweka simu chini, nikaenda kuosha vyombo kwanza. Kuna maneno ukishayasikia kwa ndugu zako hayatoki masikioni.

Mimi yalinikuta masika ya 2024. Tulikuwa tumepanga Basihaya, si mbali na mto Tegeta, na wa kule wanaujua ule mto unavyokula kingo: leo umechukua mgomba, kesho choo cha jirani. Mwishoni mwa Aprili ukachukua ukuta wetu wa nyuma na nusu ya jiko. Usiku ule ule tukawa Sinza kwa kaka yangu, ghorofa ya tatu, vyumba viwili, watu saba na mbwa.

Mbwa mwenyewe anaitwa Watasema. Jina alilipata kwa ajili ya majirani fulani wa zamani, nadhani mmenielewa. Ni jike wa kienyeji, wakati ule ana miaka mitano, kazi yake ulinzi, makazi yake chini ya mwembe. Ndani hajawahi kuvuka hata kizingiti. Mlango ukiwa wazi analala nje anatutazama tunavyokula. Kwa hiyo nilifika Sinza nikijua nina mbwa mwenye adabu, na nilimsifia kwa wifi tukiwa bado kwenye ngazi.

Usiku ule hakukojoa. Kesho yake nilimshusha mara nne. Uwanja wa lile jengo ni zege tupu, ukuta hadi ukuta. Ananusa, anazunguka, ananitazama, tunapanda. Jioni, wifi anaandaa meza, Watasema akaenda katikati ya kapeti la manyoya, akachuchumaa, akaachia kama bomba lililopasuka.

Hapa ndipo ninapoona haya. Nilivua kandambili nikampiga. Nikamkamata shingo nikamsukuma pua kwenye ule mkojo, maana ndivyo nilivyoona watu wazima wakifanya tangu nikiwa mtoto. Na niseme ukweli, wala sikufikiria kama atajifunza chochote. Nilimpiga ili wifi aone kwamba nampiga.

Alichojifunza ni kwamba kukojoa mbele yangu ni hatari. Tangu siku ile akawa anajificha: nyuma ya kochi, chini ya meza ya televisheni, mara moja ndani ya kabati la viatu. Nikimpeleka nje ndiyo kabisa, anabana, kwani si nimesimama naye? Siku ya sita kaka akaita kikao. Watu wazima tumekaa, ajenda ni mkojo. Mtu mmoja pale, simtaji, akasema mbwa ni mbwa tu, mkamfungulie kule kule Basihaya, atajitafutia. Mume wangu akanyamaza. Ule ukimya nimeusamehe, ila naukumbuka.

Usiku nikakaa naye sakafuni, nikaanza kuhesabu alikokojoa. Kapeti. Zulia la mlangoni. Tambara la deki. Rundo la nguo chafu. Kwenye marumaru tupu, hata mara moja! Kila alipokwenda palikuwa laini, pananyonya. Mbwa huzoea kitu anachokanyaga wakati wa haja, na huyu kwa miaka mitano alikanyaga udongo tu. Nilimleta mahali pasipo na udongo, akatafuta unaofanana nao, nikampiga kwa hilo.

Asubuhi nikapanda daladala hadi Basihaya na viroba viwili. Nikachota mchanga wa kona ile ile aliyozoea, wenye harufu yake. Dereva wa bajaji aliyenirudisha akauliza kama ni wa kujengea. Nikamwambia ndiyo. Nikaumwaga kwenye beseni kubwa la kufulia, roshani ya jikoni. Watasema alipomaliza uji wake nikamfunga kamba, nikampeleka, nikasimama nimempa mgongo. Alinusa weee. Alipochuchumaa nilitaka kupiga kigelegele, nikajizuia hadi amalize, nikampa dagaa mmoja kabla hata hajatoa mguu kwenye beseni. Ukimpa mkisharudi sebuleni atadhani dagaa ni zawadi ya kurudi sebuleni.

Siku kumi zilizofuata hazina hadithi. Mtoe, dagaa. Mtoe, dagaa. Akiamka, akimaliza kula, kabla ya kulala, na kila akianza kuzunguka huku ananusa chini. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kubana saa sita hadi nane, lakini wiki hizi si za kumpima. Chakula kiwe na saa zake, sufuria isishinde chini kutwa. Ukiwa na shughuli, mfunge kamba karibu nawe. Akikosea usipomwona, futa unyamaze, maana hatajua unamgombeza kwa lipi. Halafu mtoe, dagaa.

Kufuta nako kuna elimu yake. Wifi alikuwa anamwaga jiki juu ya mkojo. Acheni kabisa, mkojo una amonia, na vikikutana vinatoa mvuke unaochoma macho na kifua. Mimi nilikandamiza kwanza kwa nguo kavu, kisha siki na maji nusu kwa nusu, na siku hiyo jiki haikanyagi hapo, kwa sababu na siki pia haipatani. Harufu ikibaki, mbwa hurudi pale pale. Kapeti lilipona nusu. Nilimlipa wifi, na kama anasoma hapa, risiti ninayo.

Kutoka roshani hadi chini kulikuwa na mtihani mwingine: bi mkubwa wa ghorofa ya kwanza. Aliniita kwa upole. "Mwanangu, simchukii mnyama wako. Ila mate yake yakinigusa nguo naosha mara saba, moja kwa udongo, na goti ndilo hili." Tukapatana: namshusha kabla ya adhana ya alfajiri na usiku baada ya isha, kamba fupi, upande wa ukuta. Mlinzi akaturuhusu kumwaga kile kiroba cha pili nyuma ya tenki la maji. Siku ya kumi na tisa Watasema akashuka ngazi mwenyewe mbele yangu, akaenda moja kwa moja nyuma ya tenki. Nililia. Hakuna ndugu aliyesema lolote.

Sasa nyie mnaofungulia mbwa kamba kwenye kiwanja mnachokihama, naongea nanyi. Miaka mitano amelala nje mvua na baridi ili wewe ulale, leo amekosea wiki moja mahali asipopajua, unamwita mchafu? Wewe ulipohamia kwa watu hukuuliza choo kiko wapi? Mwonyeshe na yeye. Mtoe, mpe dagaa.

Dada wa Mbagala, kabla ya yote mpeleke kwa daktari wa mifugo. Akikojoa kidogo kidogo kila mara, au ukiona damu, huo ni ugonjwa na beseni la mchanga haliutibu. Mwombe pia chanjo ya kichaa cha mbwa kama mwaka umepita, nyumba ya shemeji ina watoto. Akiwa mzima, kachote mchanga wake. Mume akinung'unika, abebe yeye kiroba.

Sisi baada ya wiki saba tulipata nyumba Goba, uwanja mkubwa, udongo kila kona. Watasema hataki kwenda peke yake. Anasimama mlangoni ananisubiri nitoke naye. Juzi mvua inanyesha, saa tisa usiku, nimesimama uani na mwavuli mkono mmoja na dagaa mkono wa pili, nimempa mgongo.