Mkuu, huyo fundi wa Jumamosi asije na msasa

Simama hapo hapo. Umeandika kwamba paneli ya mlango wa dereva kwenye Toyota IST yako imechorwachorwa na funguo, plastiki za buti zimekwaruzwa na masanduku, dashibodi ina gundi ya stika, na kwamba fundi amekuahidi Jumamosi atapitisha msasa namba 400, amalizie na 1000, kisha apake dawa ya kung'arisha "utadhani gari imeshuka bandarini leo". Maneno hayo nimeshaambiwa, karibu neno kwa neno. Usimruhusu.

Pitisha kidole kwenye hiyo paneli sasa hivi. Unasikia vile vipele vidogo vidogo kama ngozi? Vile havikupakwa na mtu. Vimetoka kwenye kalibu kiwandani, plastiki ilipomiminwa ikiwa ya moto, na rangi yake imechanganywa humo humo ndani. Juu hakuna rangi wala kliya, ile rangi angavu ya kumalizia. Fundi wa bodi mkono wake umezoea bati: kuna praima, kuna rangi, kuna kliya juu yake. Akisugua kwa msasa laini anapunguza kliya kidogo, mchoro unaisha, anapiga kompaundi, ile dawa ya kung'arisha, kunang'aa. Mkono ule ule akiuingiza ndani ya gari, kinachopungua ni vipele vyenyewe. Vikishalala vimelala. Kwa mafundi wetu wa mtaani sijaona hata mmoja anayevirudisha, na nimewauliza wengi.

Mimi yalinikuta kwenye Premio. Mchoro wenyewe ulikuwa na urefu wa kidole, juu ya swichi za vioo, umeachwa na zipu ya begi la shule. Yule bwana akasugua kwa msasa na maji. Paneli ikiwa imelowa ilionekana safi kabisa, tukapeana mikono. Ilipokauka likajitokeza doa la kijivu ukubwa wa kiganja, laini, linalometa ukilitazama kwa pembeni, katikati ya plastiki nyeusi isiyometa. Mchoro wa mwanzo ulihitaji kuutafuta ndipo uuone. Doa hili abiria analiona kabla hajafunga mkanda. Na kabla hamjaanza kunicheka: yule mtu ana maneno matamu, hata wewe mkuu ungemkabidhi funguo na kadi ya gari.

Ingeishia hapo ingekuwa nafuu. Akaja na la pili: "Tusugue paneli yote ifanane." Ikafanana kweli, yote ikawa na mabaka. La tatu akasema tupige rangi ya kopo. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo hela inapopotelea. Ukifungua paneli za milango nyingi, mgongoni utakuta herufi zimepigwa muhuri, >PP<. Ni polipropilini, plastiki ambayo rangi haiishiki mpaka itanguliwe na praima maalumu ya plastiki. Yeye praima hiyo hakuwa nayo. Isitoshe, alikuwa ameshaipaka dawa ya silikoni kuficha lile doa, na penye silikoni rangi inakimbia, inaacha vishimo vya duara. Gari ilikuwa inalala na kushinda nje. Jua la Dar halikuchukua muda, rangi ikaanza kubanduka pale kiwiko kinapoegemea, vipande vyeusi vinabaki kwenye mkono wa shati jeupe ninaloingia nalo kazini.

Ikabidi nitafute paneli ya mtumba Ilala. Nyeusi zilikuwepo, ila za swichi tofauti. Za swichi zinazofanana zilikuwa za rangi ya maziwa. Nilipoipata, yule yule akang'oa ya zamani kwa bisibisi bapa, klipu zikavunjika, na ile nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi nyuma ya paneli akaichana na kuitupa. Nikamuuliza, akasema ni ya vumbi tu. Si ya vumbi! Mvua ikinyesha, maji hushuka na kioo yakaingia ndani ya mlango, na yanatakiwa yatokee kwenye matundu ya chini. Nailoni ile ndiyo inayoyazuia yasivuke upande wa abiria. Masika yalipoingia nikakuta zulia la upande wangu limelowa na gari inanuka uvundo. Hela niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya tairi iliishia kwenye mlango mmoja, kwa mchoro wa zipu.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba alijua. Alipoona doa ilikuwa ni kusema tu "kaka, hii plastiki siijui". Hakuna mtu angemdharau. Akaona bora avumbue matengenezo mengine juu ya mali ya mtu, na kila hatua anadai hela ya vifaa. Wako wengi wa aina hiyo. Na hizo video mtandaoni zinawapa kiburi, kwa sababu wanaoonyesha msasa ukifanya kazi wanasugua plastiki laini zinazong'aa, zile za kuzunguka redio au gia. Zile unaweza kuzilainisha kwa msasa wa 2000 na kompaundi, kama unavyofanya kwenye taa za mbele. Plastiki yenye vipele haipunguzwi. Chochote utakachofanya, kisitoe kitu juu yake.

Sasa ya kwako. Osha kwanza kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na brashi laini, kwa sababu nusu ya mikwaruzo ya buti huwa ni plastiki au raba ya sanduku iliyobaki juu, na inatoka. Thina na asetoni weka mbali. Palipobaki lowesha kwa kitambaa. Weupe ukipotea kwenye maji na kurudi pakikauka, na ukucha haunasi, hapo ni juu juu tu, na moto kidogo unaweza kuufifisha. Anza na draya ya nywele. Ile mashine ya hewa ya moto ya mafundi, nyingi zinapita nyuzi joto 500, wakati polipropilini inayeyuka kwenye 160 na kitu, kwa hiyo ukiishikilia sehemu moja vipele vinayeyuka na unarudi kule kule kwenye doa linalometa. Kama lazima uitumie, iweke chini kabisa, itembeze bila kusimama, na ujaribu kwanza mahali pasipoonekana. Pale palipoandikwa SRS AIRBAG, pamoja na nguzo za pembeni za gari zenye maandishi hayo, usipeleke moto kabisa.

Ukucha ukinasa, mchoro ni wa kina, draya haitaumaliza. Paka dawa ya plastiki isiyo na mafuta mengi, utafifia, urudie ukikauka. Au uache. Mlango wenye mchoro mdogo unauzika. Mlango uliosuguliwa, mnunuzi anauliza gari ilipinduka wapi.

Ya gundi ya stika wadau wengine watakusaidia. Wewe nenda kaoshe, lowesha, kisha tuwekee picha kabla ya Jumamosi, pakiwa pakavu na pakiwa na maji. Na umpigie huyo fundi leo, si asubuhi ya siku yenyewe akiwa ameshanunua msasa na anataka kurudisha hela yake.